Kitasa cha Leningrad: Usawiri wa Jiji katika Filamu Mbili za Kirusi

Ni kawaida kuisoma filamu ya Eldar Ryazanov, Kinaya cha Majaaliwa (1975), kama tashtiti dhidi ya ujenzi wa majumba yanayofanana. Ushahidi upo. Filamu inafunguliwa kwa katuni ambamo mchoro wa jumba la kupendeza unavuliwa mapambo, afisi baada ya afisi, hadi likasalia sanduku lenye madirisha; kisha masanduku hayo yanatembea na kuenea ulimwenguni. Hata hivyo, usomaji huu haujitoshelezi.

Tuutazame msuko wenyewe. Katika mkesha wa mwaka mpya, daktari Zhenya Lukashin wa Moscow analewa na rafikize katika hamamu, kisha anasafirishwa kwa ndege kimakosa. Akiwa Leningrad pasi na kujua, anamtajia dereva wa teksi anwani yake: Mtaa wa Tatu wa Wajenzi, nyumba 25, fleti 12. Mtaa upo, jumba lipo, na ufunguo wake unafungua kitasa. (Majumba yote mawili, kwa hakika, yalipigwa picha Moscow!) Basi jiji hapa si mandhari kwa ile maana finyu tunayowafunza wanafunzi wetu, ya pazia lililotundikwa nyuma ya wahusika. Jiji ndilo linalosukuma vitendo. Ufanano uleule unaodhihakiwa na katuni ndio unaompa mgeni makao, hata kama Nadya, mwenye nyumba, anaanza kwa kumfukuza. Ni ahadi ya usawa iliyotimia pasipo kukusudiwa, na wanaoiona dhihaka peke yake wanaipunja filamu.

Alexei Balabanov, katika Ndugu (1997), anaurejea mji huohuo, uliorudishiwa jina la St Petersburg mwaka 1991. Danila Bagrov, aliyetoka jeshini, anamfuata kakake huko. Msomaji wa riwaya zetu atadhani ameikuta hadithi ya kijana wa shamba anayeharibiwa na jiji. La hasha. Danila anawasili akiwa stadi wa kuua. Dalili zote zaonyesha kuwa vita vilimfunza kabla ya jiji. Kakake mwenyewe anamtumia kama muuaji wa kukodiwa. Ukarimu umehamia nje ya nyumba: makaburini, kwa Hofman asiye na makao, na katika tramu ya mizigo ya Sveta, anamokimbilia Danila akiwa na jeraha. Mwishoni Danila anampa Hofman fedha, naye anazikataa. Mhakiki anayedai kwamba filamu hii inatukuza bunduki hana budi kulifafanua tendo hilo kwanza.