Mdundo Huanzia Betrini

Abiria anayepanda nganya, matatu iliyopambwa, ya Rongai jioni akisifu mdundo, huwa anasifu spika. Si kosa lake. Sabufa ndizo zinazoonekana, zimejipanga nyuma ya kiti cha mwisho na kuzungushiwa taa za buluu, na mwenye gari hakawii kukutajia ukubwa wake kwa inchi. Amplifaya imefichwa chini ya kiti, na nyaya zimefichwa zaidi, chini ya zulia na nyuma ya mbao. Kwa wanaoshinda kwenye vibanda vya mafundi wa redio za magari, sifa huenda kwa hivyo vilivyofichwa. Spika ni mlango tu. Mdundo umetoka mbali.

Tuanzie dukani. Katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, kasha la amplifaya hujisifu lenyewe: wati 3,000, wati 5,000, kwa maandishi ya kung'aa. Fundi anayejua kazi hasomi kasha. Huitoa amplifaya, akaigeuza, akatazama fyuzi. Zikiwa mbili za ampia 30, jumla ni ampia 60. Zidisha kwa volti 13.8 za gari ambalo injini yake inanguruma, upate wati 828 zinazoingia. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana fyuzi huvumilia pigo fupi linalozidi kipimo chake, lakini inatosha kumfumbua mtu macho: kinachotoka hakiwezi kuzidi kilichoingia. Amplifaya ya daraja D ikigeuza asilimia 80 ya umeme huo kuwa sauti, una wati 660 hivi. Ya daraja AB hupoteza zaidi, na kinachopotea hukifanya kiti cha juu yake kuwa jiko. Zile 5,000 ni wati za kilele, za kufumba na kufumbua, na mara nyingi hata hizo zinapatikana kwenye kasha tu. Za kununuliwa ni wati za mfululizo, zile zinazoandikwa RMS.

Kisha kuna kuoanisha, na hapa fundi huomba kalamu na kipande cha kadibodi. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 inaweza kuungwa sambamba ikawa omu 2, au kwa mfululizo ikawa omu 8. Ukiwa na sabufa mbili za aina hiyo, unaweza kupata omu 1 au omu 4 au omu 16, kwa spika zilezile na bila kuongeza shilingi. Omu zikishuka, amplifaya huvutwa mkondo mwingi zaidi. Zikishuka chini ya kiwango ilichoundiwa, hujizima au huungua. Mjerumani Georg Ohm aliichapa kanuni ya uhusiano huu mwaka 1827, na leo vijana walioiacha shule kidato cha pili wanaipiga hesabu kichwani huku wameshika koleo. Wengine wetu tuliifaulu kwenye mtihani na hatujawahi kuitumia.

Gari lenyewe nalo lina neno. Matatu ndogo tunazoziita nissan, hata zikiwa Toyota, zina umeme wa volti 12 na hazisumbui. Isuzu za abiria 33 kwa kawaida zina volti 24: betri mbili za volti 12 zimeungwa kwa mfululizo. Amplifaya nyingi za magari zinataka 12. Fundi wa njia ya mkato huvuta waya kutoka katikati ya betri hizo mbili, akapata 12 zake, muziki ukalia, akalipwa, akaenda. Ubaya hujitokeza polepole. Betri moja, tuiite ya chini, inanyonywa na amplifaya mchana kutwa, ya juu hainyonywi, lakini alteneta inazichaji zote mbili kwa pamoja kana kwamba zina njaa moja. Ya chini haishibi kamwe na ya juu inavimbiwa: maji yake huchemka, plati zikaharibika. Mwenye gari hununua betri mpya na kulaumu aliyemuuzia. Fundi wa kweli huweka konveta ya kushusha volti 24 hadi 12, yenye ampia za kutosha, ingawa kipande hicho kinaweza kumkosesha kazi kwa sababu ya bei. Anayekikataa humwambia pole na kumwacha aende kwa jirani.

Kebo hununuliwa kwa wembe. Kata ncha, kwangua uzi mmoja. Ukibaki mwekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukitoa weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule. Gari halitakataa kuwaka kwa ajili hiyo, ila kila besi ikigonga, volti zitaanguka njiani, taa za mbele zitafifia, na kebo itapata joto pale ilipobanwa. Na fyuzi kubwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kichwa chake. Wengi hudhani inailinda amplifaya, hivyo huiweka kule nyuma. Inalinda kebo. Kebo ikichubuka kwenye tundu la bati ikagusa bodi, kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina wa kukizuia kuwasha moto, na gari lina watu.

Waya wa kurudi, ethi, ndio wenye unyenyekevu kuliko wote, na ninapenda kuutazama ukifungwa. Fundi hupiga msasa rangi ya bodi mpaka bati liwe jeupe kama kijiko kipya, eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Anabana kichwa cha waya kwa boliti, anavuta kwa nguvu kuona kama kitacheza, kisha anapaka grisi juu ili kutu isiingie. Waya wenyewe ni mfupi, nusu mita au chini yake. Ethi iliyofungwa juu ya rangi ndiyo huleta ule mluzi unaopanda na kushuka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta.

Kwenye boti mambo hubadilika. Boti za kitalii za Kilifi au Lamu zina mwili wa mbao au faibaglasi, hakuna bati la kurudishia umeme, kwa hiyo waya wa hasi lazima usafiri hadi betrini ukiwa mnene sawa na wa chanya. Chumvi nayo hula shaba tupu mpaka iwe kijani. Hutakiwa shaba iliyopakwa bati uzi kwa uzi.

Mwisho ni kupima. Hapa sikio huwekwa kando. Fundi huchomoa nyaya za spika, hupiga toni ya hezi 50 na kushika mita kwenye matundu ya amplifaya. Kwa wati 500 kwenye omu 2, volti zinapaswa kufika 31.6, na hapo ndipo kitufe cha geini kinasimama. Konda hukereka, maana kitufe kimefika nusu tu na yeye anaona nusu nyingine imeibwa. Ukweli ni kwamba ukizidisha, mawimbi hukatwa vichwa, umeme wa ziada hugeuka joto ndani ya koili, na harufu ya gundi iliyoungua itajaza gari kabla ya wikendi kwisha. Geini si sauti. Sauti iko kwenye redio, na hiyo konda anaruhusiwa kuichezea, ingawa kanuni za kelele za mwaka 2009 na wakazi wa orofa za barabarani wana maoni yao, nami niko upande wa wakazi.

Baadhi ya mafundi hawabishani. Wakishapima, hudondosha tone la gundi kwenye kitufe, wanangoja likauke, ndipo wanamwita konda aje asikilize.