Juu ya Kuzigawa Ngano za Kiswahili

Vitabu vya fasihi simulizi vya shule za sekondari huzigawa ngano kwa mafungu. Hurafa ni zile ambazo wahusika wake ni wanyama. Hekaya ni za werevu na hila. Ngano za usuli hueleza chanzo cha mambo. Na za mazimwi hujulikana kwa mazimwi yaliyomo. Mgawanyo huu wamfaa mwanafunzi, lakini una kasoro kubwa: vipimo vyake si vya namna moja. Hurafa hupimwa kwa mhusika, hekaya kwa tendo, usuli kwa kusudi.

Kasoro hiyo yaonekana wazi katika hadithi ya Sultani Darai, iliyomo katika Swahili Tales, mkusanyo wa Edward Steere uliopigwa chapa London mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya wenyeji wa Unguja. Maskini mmoja aokota thumuni jaani, anunua paa. Paa kwa hila amposea binti wa sultani, kisha amwua nyoka mkubwa na kumpatia bwana wake nyumba ya fahari. Mwisho paa augua, bwana hamjali, paa afa, na bwana ajikuta jaani kama kwanza. Kwa mhusika wake hii ni hurafa. Kwa hila ni hekaya. Kwa nyoka yakaribia ngano za mazimwi. Kiini chake, yaani kukosa shukrani, hakina fungu.

Steere mwenyewe aligusa jambo lililo zito zaidi. Katika dibaji yake alieleza kwamba ngano nyingi zina nyimbo ambazo wasikilizaji wote huziitikia, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo katika nyimbo hizo, msimulizi akijaza maneno ya kuziunganisha. Ndivyo ilivyo katika hadithi ya Sultani Majinuni: kila kijana auapo mnyama humwendea mamaye akiimba, na mama humjibu kwa wimbo kwamba huyo siye Nunda. Wimbo ukiondolewa, husalia orodha ya wanyama waliouawa.

Basi swali la kwanza la kuzigawa ngano lingefaa kuwa hili: yaimbwa, au yasemwa tu? Na kiitikio ni cha nani? Mambo ya wahusika na maudhui yafuate baadaye. Mkusanyaji aendaye na mafungu ya shule mkononi ataandika habari za paa na sungura, auache wimbo. Na wimbo usioandikwa hakuna mgawanyo utakaourudisha.