Mikono Miwili, Sauti Mbili

Do re mi fa, re mi do so. Mwanakwaya yeyote wa Tanzania au Kenya aliyezoea karatasi za nota za sol-fa ataiimba hiyo papo hapo, hata kama hajawahi kukaa mbele ya piano. Ni nota nane, na katika ngazi ya C zote zinaangukia vibonyezo vyeupe. Kwa nota hizo nane Johann Sebastian Bach alijenga Invenshoni ya kwanza, kipande cha vipimo 22 ambacho mpigaji hodari hukimaliza kwa dakika moja na ushei. Mpigaji wa ridhaa, anayerudi kutoka kazini jioni na kupata nusu saa yake kabla ya kulala, anaweza kukaa nacho miezi kadhaa. Kwangu mimi hakuna njia bora ya kuelewa piano inamtaka nini mtu kuliko kukaa na kipande hiki bila haraka.

Kiliandikwa kwa ajili ya mwanafunzi. Januari 1720, Bach akiwa kiongozi wa muziki katika nyumba ya mtawala wa Köthen, Ujerumani, alimfungulia daftari la kinanda mwanawe mkubwa wa kiume, Wilhelm Friedemann, aliyekuwa na umri wa miaka 9. Kurasa za mwanzo zina majina ya nota, jedwali la mapambo na kipande kifupi chenye namba za vidole. Mbele zaidi vikaingia vipande 15 vya sauti mbili, ndizo hizi Invenshoni. Mwaka 1723 Bach alivinakili upya kwa mwandiko safi, akavipanga upya kwa kufuata ngazi zake, pamoja na vingine 15 vya sauti tatu. Kwenye ukurasa wa jina alieleza kwamba kazi hiyo ni ya wapenzi wa kinanda, hasa wale wenye hamu ya kujifunza. Alitaka wajue kupiga sauti mbili kwa usafi, kisha tatu. Wajue kupata wazo zuri la muziki na kuliendeleza. Na zaidi ya yote, wapige kwa namna ya kuimba.

Tazama anavyolitumia lile wazo la nota nane. Mkono wa kulia unaanza peke yake baada ya kimya kifupi. Mara tu baada ya kufika so, mkono wa kushoto unadakia maneno yaleyale, oktava moja chini, kama wanakwaya wanavyompokea kiongozi. Wakati kushoto inaeleza, kulia hainyamazi, ila inapunguza mwendo na kutembea kwa nota zenye urefu maradufu. Hiyo ndiyo adabu ya kipande kizima: kwa sehemu kubwa, mmoja akikimbia mwenzake anatembea, na sikio linapata nafasi ya kuwafuata wote wawili.

Katika kipimo cha pili wazo linahamia kwenye so. Katika cha tatu linapinduliwa, kilichokuwa kinapanda sasa kinashuka. Na chini yake besi inapanda polepole kwa mwendo wa zile nota nne za mwanzo, zikiwa zimerefushwa maradufu. Kipimo cha saba kinatua kwenye ngazi ya G, na hapo uongozi unabadilika: kushoto inaanza, kulia inajibu. Kipimo cha 15 kinatua kwenye A minor, na vipimo vinavyofuata vinatulia kidogo, mkono mmoja ukishikilia nota ndefu huku mwingine ukisema. Kisha muziki unapanda tena hadi nyumbani na kufunga kwa akodi ya do. Ni vigumu kupata kipimo kisicho na alama ya lile wazo la mwanzo. Hakuna kilichowekwa kwa kujaza nafasi, na mtu anayejifunza hana pa kujificha.

Ugumu unaanzia kwenye umbile la mikono yetu. Nota nane za mwanzo zinakaa vizuri sana chini ya mkono wa kulia: gumba kwenye do, cha shahada kwenye re, cha kati kwenye mi, cha pete kwenye fa, kisha vidole vinarudi na kidole kidogo kinamalizia kwenye so. Mkono hauhami. Sasa mpe kushoto maneno hayohayo. Mikono yetu inatazamana, kwa hiyo kushoto inaanza na kidole kidogo, kilicho dhaifu kuliko vyote, na kufika so kwa gumba, lililo zito kuliko vyote. Wazo ni moja lakini vidole vimepinduka, na msikilizaji hatakiwi kusikia tofauti hiyo. Do ya kushoto isififie kwa sababu ya udogo wa kidole, na so yake isigonge kwa sababu ya uzito wa gumba. Kazi ya majuma mengi inaweza kwenda katika kusawazisha nota hizo mbili tu, na ni kazi inayolipa, kwa maana kila kipande utakachopiga baadaye kitauhitaji usawa huo.

Gumba lenyewe lina historia yake. Carl Philipp Emanuel, mwana mwingine wa Bach, katika kitabu chake cha mafunzo ya kinanda cha 1753, alieleza kwamba baba yake alimsimulia kuhusu wapigaji wakubwa wa enzi za ujana wake ambao hawakutumia gumba isipokuwa pale vidole vilipolazimika kutanuka sana. Kupitisha gumba chini ya vidole vingine ili mkono uendelee kupanda ngazi, jambo ambalo leo mtoto hufundishwa mapema, ni ujuzi ambao watu waliuchuma hatua kwa hatua.

Njia ya kujifunza inajulikana na haina mkato. Kila mkono unajifunza peke yake, nusu kipimo kwa nusu kipimo, kwa mwendo ambao kidole hakikosei. Mikono inapokutana, mwendo unashuka tena, mara nyingi kuliko mtu anavyopenda. Zoezi ninaloliheshimu kuliko yote ni la kupiga sauti moja huku ukiimba nyingine. Piga ya chini, imba ya juu, kisha geuza. Mwenye malezi ya kwaya ana mtaji mkubwa hapa. Amesimama miaka mingi katika alto au tenor akishika mstari wake huku soprano ikivuta kwingine, kwa hiyo sikio lake tayari linajua kukaa ndani ya sauti moja bila kuipoteza nyingine. Piano inamdai hatua moja zaidi: awe yeye mwenyewe alto na besi kwa wakati mmoja. Na siku sauti zote mbili zinapoanza kusikika pamoja, kila moja na njia yake, furaha yake ni kubwa mno ukilinganisha na ukubwa wa kipande. Haipotei hata ukikirudia kila jioni.

Kisha yapo yale matakwa ya Bach: piga kwa namna ya kuimba. Kwenye piano hilo ni dai zito, kwa sababu ya jinsi chombo kilivyoundwa. Bartolomeo Cristofori, fundi wa Florence, Italia, ndiye aliyekibuni karibu na mwaka 1700, na fumbo alilolitegua linakaa ndani ya kila piano hadi leo. Kibonyezo ni wenzo. Kinairusha nyundo kuelekea kwenye uzi, na kabla haijaugusa, nyundo inaachana na kidole, inapiga na kurudi yenyewe ili uzi uwe huru kutetemeka. Kwa hiyo mpigaji ana nafasi moja ya kuamua ukubwa wa sauti, nayo ni kasi ya ile nyundo. Nota ikishalia, hawezi kuikuza. Inaanza kufifia palepale.

Mwimbaji anaweza kuvimbisha nota katikati, na mpiga zeze anaweza kuikoleza kwa upinde wake. Mpiga piano anafanya kazi na sauti zinazokufa, na kuimba kwake kunategemea namna anavyoziunganisha. Nota inayofuata inabidi iingie kwa nguvu inayolingana na mabaki ya iliyotangulia. Ikizidi inasikika kama kishindo, ikipungua mstari unakatika. Kidole kinachoachia nacho kinahesabika: kikitoka mapema kunabaki pengo, kikichelewa nota mbili zinavaana. Yote haya yanafanyika kwa tofauti ndogo ambazo jicho halizioni. Sikio ndilo linaloongoza, na ndiyo maana wapigaji wazuri husikiliza kwa bidii hata wanapopiga ngazi tupu.

Wengi wetu hatuna piano ya nyundo na nyuzi. Tuna kinanda cha umeme cha vibonyezo 61, kile kinachobebwa kwenda parokiani Jumapili na kurudi. Kinatosha. Invenshoni zote 15 zinakaa ndani ya oktava nne, na kinanda hicho kina oktava tano. Hata kama vibonyezo vyake ni vyepesi na havitofautishi mguso wa taratibu na wa nguvu, bado kuna la kujifunza. Hapsikodi ya zama za Bach ilidonoa nyuzi zake, na kidole hakikuweza kuikuza sauti kwa kubonyeza zaidi. Mpigaji wake aliimba kwa kutumia muda: lini nota inaanza, inashikiliwa kiasi gani, inaachiwa lini. Hayo yote yanawezekana kwenye kinanda cha kwaya. Anayeyajua hayo, akija kukutana na piano yenye vibonyezo 88, anakuta nusu ya kazi imeshafanyika.

Mpigaji wa ridhaa ana utajiri ambao mara nyingi haujui. Hana tarehe ya onyesho wala tikiti zilizouzwa, hivyo anaweza kumpa Bach muda wote ambao kipande kinauhitaji. Hata mabingwa waliitafuta nafasi hiyo. Pablo Casals, aliyejulikana duniani kwa selo, alieleza kwamba kwa miaka mingi alianza kila siku kwa kukaa kwenye piano na kupiga Bach. Hakuna aliyemlipa kwa asubuhi hizo. Alikuwa na chombo chake kingine cha kumpatia riziki na sifa. Kwenye piano alikuwa mpenzi kama sisi.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu ni mmoja: chukua vipimo viwili vya kwanza, vipige polepole hadi sauti zote mbili zisikike sawasawa, ndipo uongeze cha tatu. Ukikimaliza kipande, ipo Invenshoni ya nane katika F, yenye kurukaruka kwa furaha, na ya nne katika D minor, ambayo mstari wake unajipinda kwa namna ya pekee. Nyuma ya hizo vinangoja vile 15 vya sauti tatu, ambako sauti ya kati inapokezanwa na mikono miwili na vidole vinajifunza ushirikiano mpya kabisa. Bach aliyapanga haya yote kwa ajili ya mtu mwenye hamu ya kujifunza, na hamu hiyo haina umri. Anayeianza leo akiwa na miaka 40 au 60 anapokea mafunzo yaleyale aliyoyapata mtoto wa Köthen, na ana haki nayo kamili.