Bamvua kwa Kireno: Mwongozo wa Kumpima Mfasiri

Atakaye kuujua ubora wa mfasiri asimpe shairi wala hotuba, kwa kuwa katika hayo ufasaha wa ulimi waweza kuusitiri upungufu wa maarifa. Na ampe neno moja dogo la Kiingereza lenye maana nyingi, kisha atazame jinsi atakavyolivusha kwenda katika Kireno, lugha ambayo aghalabu hugawa kwa maneno manne au matano yale ambayo Mwingereza ameyarundika chini ya jina moja. Kwa mtihani huu mimi hulipenda neno «spring». Kwa Mwingereza neno hilo ni majira ya mwaka, ni chemchemi, ni chuma kilichopindwa ili kirudi kwa nguvu, ni mruko wa mnyama, na likiambatana na «tide» ni bamvua. Wala sioni mahali pafaapo kwa mtihani huo kuliko Mafia, ambako tangu Hifadhi ya Bahari ilipoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya namna yake katika Tanzania, karatasi za kuwaongoza wageni zimekuwa na haja ya kusemwa kwa lugha nyingi, na ambako kosa la mfasiri, hata lipambwe vipi, hudhihirishwa na bahari yenyewe.

Tuseme karatasi ya Kiingereza yaeleza kwamba miamba ya Jibondo, kimojawapo cha visiwa vya Mafia, hukauka wakati wa «spring tide», na mfasiri akaandika «maré de primavera». Shauri limekwisha; mtu huyo ni msomi wa kamusi, si mfasiri. Amemwarifu msomaji wa Lisbon kwamba maji ya Jibondo hupwa sana pindi miti ya Ulaya ichipuapo, ilhali hapana mtu Jibondo, kuanzia ajuza hadi mtoto ajifunzaye kushika kijiti cha kuchokolea pweza, asiyejua kwamba bamvua huja mara mbili katika kila mwezi, mwezi uandamapo na upevukapo, na kwamba siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano za asubuhi, ndipo watu wakashuka miambani kwa miguu. Jina la Kiingereza halina nasaba na majira hata kidogo. Lilitoka katika maana ya kuruka na kububujika. Lakini mfasiri aweza kuikosa habari hiyo na bado akafuzu, maadamu anaujua mwezi.

Maana Mreno naye ana jina lake, la kale na la kibaharia. Husema «águas vivas», yaani maji yaliyo hai, na kinyume chake husema «águas mortas», maji yaliyokufa. Hapo mvuvi wa Chole, kisiwa jirani, hana budi kutabasamu, kwani yeye pia maji ya siku za nusu mwezi, yasiyojaa sana wala kupwa sana, huyaita maji mafu. Wareno walituachia meza, bendera, leso na kasha, lakini katika jambo hili hapana haja ya kutafuta nani alimkopesha nani: watu wawili wa bahari wameutazama mwezi mmoja. Mfasiri aliyeandika «marés vivas», kama isemwavyo leo huko Ureno, mpe alama za kutosha, ila usimpe zote.

Usimpe zote mpaka umwulize anamwandikia nani. Kwa Mbrazili «água-viva» ni konyeza, yule kiumbe wa ute awashaye mwili wa mwogeleaji, na mgeni kutoka Salvador akisoma kwamba Ghuba ya Chole ina «águas vivas» aweza kabisa kukataa kuvua nguo zake. Kwake yeye yafaa «maré de sizígia», istilahi ya kitaalamu itokanayo na jua na mwezi kukaa katika mstari mmoja na dunia. Mimi, pamoja na hayo, humpendelea zaidi yule aongezaye maneno machache yasiyokuwamo katika asili, kwamba ni siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu. Wako wasemao kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuongeza. Siafikiani nao, angalau katika karatasi ya namna hii, kwa sababu wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa huko hupita mita 3, na maji hayo yote sharti yapenye katika milango ya ghuba kama ule wa Kinasi, kwa nguvu isiyomstahi mzamiaji aliyekosea siku.

Maana zilizobaki hazina uzito huo. Chemchemi ni «nascente» ikiwa maji yanachimbuka yenyewe, na ni «fonte» hata kama mkono wa mwanadamu umeyajengea. Lakini mtahini awe macho, kwani «nascente» ni matlai pia, upande lichomozako jua, na mfasiri mzembe aweza kuitibu shaka moja kwa kuzaa nyingine. Chuma cha saa au cha godoro ni «mola», neno liwezalo kumshtua Mswahili mcha Mungu alikutapo ghafla, nalo kwa Mreno halina utukufu wowote. Mruko ni «salto», basi.

Yabaki majira, na hapa wengi hulegea kwa kudhani kwamba «primavera» sasa imepata kwao. Imepata, lakini kwa nani? Huko Lisbon majira hayo huanza Machi. São Paulo huanza Septemba. Mafia hayapo kabisa, kwani huko watu huhesabu masika na vuli, kaskazi na kusi. Papa potwe huonekana zaidi mbele ya mji wa Kilindoni, Mafia, kuanzia Oktoba hadi Februari, na ikiwa karatasi ya Kiingereza yamhimiza mgeni awahi kabla ya «spring», Mbrazili atakayesoma «primavera» atafunga safari yake Agosti, aje kuitazama bahari tupu. Mfasiri anayestahili ujira kamili huandika «março», na mwenye karatasi asithubutu kumkata hata senti kwa hoja kwamba neno hilo halimo katika Kiingereza chake.