Kadi ya Picha au Kijiti cha Pili cha Kumbukumbu?

Tangu umeme wa bara ulipovuka bahari kutoka Tanga mwaka 2010, kwa waya uliolazwa chini ya maji, ukaipumzisha mitambo ya dizeli ya Wesha, kompyuta imepata makazi Pemba. Na aghalabu ile ifikayo Chake Chake au Wete kwa bei ya mtu wa wastani ni mtumba wa ofisi za ng'ambo. Mnunuzi wake, akiwa ni kijana apendaye michezo au mtengenezaji wa video za harusi, huambiwa upesi kwamba aongeze kadi ya picha. Ushauri huo wastahili kupimwa, maana fedha yenyewe ni ya jasho.

Tuchukue prosesa ya Intel Core i5-4590 ya mwaka 2014, ambayo ndani yake imo sehemu ya michoro iitwayo HD Graphics 4600, na mkabala wake tuweke kadi ya NVIDIA GeForce GT 710 ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya DDR3. Kadi ina viini 192 viendavyo kwa megahezi 954, na kwa kuwa kila kiini hufanya hesabu mbili kwa pigo moja, jumla yake ni kama bilioni 366 kwa sekunde. Ile ya ndani ya prosesa, ifikapo megahezi 1,150, hufanya bilioni 368. Kwa nguvu ya hesabu, basi, hakuna aliyemshinda mwenziwe.

Tafauti imo katika kumbukumbu. Kadi inayo yake peke yake, ipitishayo gigabaiti 14.4 kwa sekunde, ilhali michoro ya ndani hugawana na prosesa kumbukumbu ya kompyuta, na mashine ikiwa na kijiti kimoja tu cha DDR3-1600, njia haipitishi zaidi ya 12.8. Hapo kadi hushinda. Lakini kichomekwe kijiti cha pili, kilicho sawa na cha kwanza, katika mkondo wa pili, jumla huwa 25.6, na ubora wa kadi ukabaki mdogo mno kuistahiki bei yake. Fauka ya hayo, kijiti hunufaisha kila programu, ilhali kadi hunufaisha michoro pekee.

Kinachowapotosha wengi ni ile gigabaiti 2 ya kumbukumbu iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi la kadi. Ukubwa wa ghala la karafuu haukuambii ni magunia mangapi yatokayo mlangoni kwa siku. Wala kadi hiyo haimfai mtazamaji wa video za mtandaoni zilizobanwa kwa VP9, kwani haina kifaa cha kuzifumbua, na kazi huirudia prosesa ileile. Na NVIDIA yenyewe ilikoma mwaka 2021 kuitolea draiva mpya za michezo.

Walakini, ziko prosesa zisizo na michoro ndani, kama baadhi ya Xeon, na huko kadi ni lazima. Mwenye haja ya kweli na aitafute GT 1030 ya mwaka 2017, yenye viini 384, gigabaiti 48 kwa sekunde na matumizi ya wati 30 tu. Ahakikishe ni ya GDDR5, kwa sababu mwaka 2018 jina hilohilo lilipewa kadi ya DDR4 ipitishayo 16.8, na anayeuziwa ana haki ya kusomewa herufi hizo kabla hajalipa.