Pongezi kwa Wakimbiaji wa Pembeni

Oktoba 2020, katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, Tanzania Prisons iliifunga Simba bao 1-0. Bao linakumbukwa. Mimi nawapongeza mawinga na mabeki wa pembeni, ambao kazi yao ni kukimbia.

Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na pumzi hukatika mapema. Kona ya wapinzani ikiokolewa, winga huupokea mpira karibu na boksi lake, hugeuka na kutimka nao, huku mmoja akimvuta jezi na mwingine akimpiga kifundo cha mguu. Akipokonywa, hurudi mbio kukaba. Katika futiboli ya Kimarekani, mkimbiaji wa namna hii huhesabiwa kila yadi. Kwetu, mbio zisizozaa bao haziandikwi popote. Kesho yake ni barafu gotini, bandeji, kisha mazoezi tena. Nayo kasi huisha mtu angali kijana.

Tukiwashangilia wafungaji, tuulize nani aliwafungulia njia, na tumpe heshima yake angali anakimbia.