Kitoto cha Duun

Duun ameketi anasubiri. Uso wake una kovu, mkono mmoja umepungukiwa vidole. Wanamletea kitoto. Kibaya: hakina manyoya, hakina kucha za maana, ngozi tupu tu. Mtu huyu mzima, shujaa wa vita, anakipokea ili akilee.

Nimeandika "mtu" makusudi. Duun ana manyoya, ana kucha kali, na masikio yake hulala akighadhibika. Katika riwaya hii mtu ni yeye. Kitoto ndicho kioja, na kitoto ni sisi.

Riwaya yenyewe ni Cuckoo's Egg, yaani yai la kekeo, yule ndege anayetaga kwenye kiota cha mwenzake akaenda zake. C. J. Cherryh, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1942, aliitoa mwaka 1985. Jina lake la ukoo kwa kweli halina h mwishoni. Mhariri wake, Donald Wollheim, ndiye aliyeiongeza, kwa kuona kwamba Cherry lingemfaa zaidi mtunzi wa riwaya za mapenzi. Zile herufi mbili za mwanzo nazo zilisaidia kutoonyesha kwamba ni mwanamke. Kuficha, basi, alianza nako jaladani.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni huo huo wa kuficha, ila wa aina ngumu. Kuna kuficha kwa kiinimacho: mwandishi anajua, ananyamaza, mwisho anachomoa siri ili tupige makofi. Cherryh hafanyi hivyo. Anakataa tu kueleza jambo ambalo mhusika wake hana sababu ya kuliwaza. Wewe ukiamka asubuhi hujiambii kwamba una miguu miwili. Duun naye hajiambii kwamba ana manyoya. Manyoya yanakuwa habari pale tu mtoto anapoonekana hanayo. Nimesoma miswada mingi ya vijana wanaotunga hadithi za sayari za mbali, na karibu yote hufungua kwa kurasa mbili za maelezo, kama kijitabu cha watalii. Nawaelewa. Wanaogopa msomaji atapotea. Cherryh anamwacha apotee kidogo.

Mtoto anaitwa Thorn, mwiba. Analelewa mashambani, milimani, na akili inapokomaa maswali yanaanza: mbona ngozi yangu ni laini, mbona siko kama wewe? Sisi jibu tunalo, yeye hana. Kinachonikamata mimi ni masikio. Masikio ya shonunin, watu wa sayari hiyo, husema mambo kama nyusi zetu zinavyosema. Thorn amejifunza kuyasoma ya mlezi wake, lakini yake yamekaa tu kichwani, mabubu, hana cha kujibia. Nilipofika hapo nilijikuta nimeshika sikio langu.

Baadaye tunaambiwa. Wanadamu walikuja na chombo chao, wakapigana na shonunin, wakauawa. Duun alipambana nao hadi mwisho, na kovu lilitoka huko. Thorn ametengenezwa kutokana na mwili wa mmoja wa maadui hao, kwa kuwa wengine wanatarajiwa kuja. Duun anamfunza awe hatani kama yeye, mpiganaji ambaye pia ni mwamuzi, na hukumu yake ikishatoka hakuna wa kuikataa. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kitabu kinakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kisha zinaletwa kanda za sauti za wale waliokufa. Thorn anasikilizishwa lugha asiyoijua, tena na tena, na ulimi wake ndio ulioumbwa kuisema.

Kabla ya kuishi kwa kalamu Cherryh alifundisha Kilatini katika shule za Oklahoma City, na sishangai. Mwalimu wa lugha ya kale huwaacha wanafunzi wahangaike na neno mpaka sentensi nzima iwaelekeze. "Hatani" nalo hulijui kwa kuelezwa. Unalijua kwa kumwona Duun akiishi nalo.

Mwaka 1986 kitabu kiliingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Hugo, kikapitwa na Ender's Game ya Orson Scott Card, ambamo pia mtoto anafunzwa kwa ajili ya vita na viumbe wa mbali. Kile cha Card kinasomeka haraka zaidi, sibishi. Hiki cha Cherryh majina yake yanakanganya, na mwishoni mambo yanakimbia kuliko inavyopasa. Ila ndicho ninachokirudia.

Siku hizi najifurahisha kwa kutafsiri kurasa zake za mwanzo, kwenye daftari langu tu. Kiswahili kinanipa silaha nzuri: kinalia, kinanuka, kinarusha miguu, kisha, bila kutangaza, analia. Silabi moja inabadilika, na kitu kimekuwa mtoto. Tabu ni kujua ibadilike wapi. Mapema mno, Duun anakuwa baba kabla hajachukizwa. Nikichelewa, anakuwa katili. Kwanza niliibadilisha pale anapompa jina, ikasomeka kama cheti cha kuzaliwa. Sasa nimeandika hivi: kitoto kililia, Duun akakipakata, akanyamaza. Na bado sijaamua aliyenyamaza ni nani.